Kipande cha Mwisho

Jumanne, saa moja kasorobo asubuhi, mwalimu wa hesabu alikuwa anasuuza vikombe viwili vya chai aliposikia mlango wa mbele ukigongagonga kwa upepo. Alidhani hakuufunga vizuri alipopokea maziwa. Alijifuta mikono kwenye taulo, akaenda kuufunga, na hapo ndipo alipoona kwamba ndara za baba yake hazipo chini ya misumari ya makoti. Viatu vyake vya ngozi vilikuwepo, vimepangwa sambamba. Koti la kijivu halikuwepo. Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa, na juu ya mto ilikuwa saa yake ya mkononi, inatembea kama kawaida.

Baba alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini, na mtaa mzima ulimwita Mzee Saa. Sasa alikuwa hajui asubuhi wala jioni. Kwa miaka miwili alikuwa anaacha vitu. Alianza na miwani na funguo, kama wazee wote, na hilo halikumtisha mtu. Baadaye akaacha kicheko chake bafuni, kikakaa humo wiki nzima kabla Mwalimu, binti yake, hajakikuta nyuma ya ndoo. Jina lake lilishapatikana mara mbili chini ya kitanda na mara moja kwenye friji, limeganda kidogo. Kila jioni baada ya kula, Mwalimu alimrudishia alichoacha siku hiyo, kimoja kimoja, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Baba alisema ahsante kila mara, kwa adabu za mgeni.

Mwalimu alishuka ngazi, akauliza kwa majirani, akazunguka jengo mara tatu. Kwenye kituo cha polisi waliandika maelezo kwenye daftari kubwa, wakamuuliza kama ameshaweka swali Ukumbini. Saa tatu akaliweka.

Ukumbi ulikuwa mtandao wa simu wa mtaa wao. Mwenye shida aliuliza, mwenye habari alijibu, na habari ikiwa ya kweli alipewa nyota. Nyota hazikuwa pesa na hakuna aliyeweza kuzila. Zilikuwa foleni. Zahanati, shule, gari la maji, kote aliyekuwa na nyota nyingi alisimama mbele ya mwenye chache. Mtu angeweza kukosa vyote duniani, lakini akiwa na nyota alimwona daktari leo, si baada ya miezi mitatu.

Zamani nyota za swali moja ziligawanywa sawa kwa sawa. Matokeo yake watu walileta kile chepesi, "nilimwona juzi karibu na soko," wakachukua fungu lao, wakaenda kulala. Hakuna swali lililofika mwisho. Basi miaka mitano iliyopita kamati ikamwita Mwalimu, maana alikuwa ndiye mtu wa hesabu. Alikuja na chaki na kopo la maharage. Akayamwaga mezani, akayagawa, akawaonyesha: anayeleta kipande cha mwisho apewe nusu ya nyota zote, na waliomtangulia wagawane nusu iliyobaki. Kila mtu atakimbilia kukamilisha, alisema. Mkono mtupu haulambwi. Wakampigia makofi, na kwa wiki nzima alitembea mtaani shingo juu.

Kanuni aliitengeneza vizuri. Swali lingefungwa siku ya saba, saa kumi na mbili jioni, ili watu wasizembee. Idadi ya vipande ingeonekana na kila mtu, ili kuwe na uwazi. Nyota zisitolewe zawadi, ili watu wasinunuane. Na atakayesema nje ya Ukumbi afutiwe nyota zake zote, ili pasiwe na minong'ono. Haikubaki hata nafasi ya kupitisha sindano. Alichosahau kukiandika ubaoni ni kwamba mtu akitaka kuwa wa mwisho, njia rahisi si kukimbia. Ni kukaa.

Alilijua kosa hilo baada ya miezi michache. Lakini maswali ya siku zile yalikuwa ya mbuzi, ya pikipiki, ya vyeti vilivyopotea. Mbuzi anaweza kungoja siku saba. Alijiambia atalirekebisha likizo, na likizo zikapita kumi na moja.

Sasa alikaa kwenye kiti cha jikoni akiitazama simu. Kufikia saa sita mchana watu wanne walikuwa wamebonyeza neno Ninacho. Ubao wa Ukumbi, kwenye simu, uliandika: Walio nacho, wanne. Vipande vilivyoletwa, sifuri. Mwalimu hakuhitaji chaki. Alijua siku watakayosema. Alijua hata dakika.

*

Watatu kati ya wanne aliwapata siku hiyo hiyo, kwa sababu hakuna aliyejificha.

Mama Mkate, mwenye tanuri la kona, alikuwa na kivuli. Mzee Saa alipita dukani saa moja asubuhi, akasimama kunusa mkate, akaondoka, kivuli kikabaki. Kilikuwa kimesimama kando ya magunia ya unga, kimeinama kidogo, na kila baada ya dakika chache kiliinua mkono wa kushoto kuangalia saa ambayo haikuwepo.

"Ndicho," alisema Mwalimu.

"Ndicho, mwanangu. Nimekiwekea kiti lakini hakikai."

"Alielekea wapi, mama?"

Mama Mkate alifuta meza ambayo ilikuwa safi. Mjukuu wake alikuwa ameketi juu ya gunia, jicho la kulia limefungwa pamba. Kwenye foleni ya daktari wa macho alikuwa wa sitini na moja, na daktari huyo alikuja mara moja kwa mwezi na kutibu kumi.

"Usiniulize hivyo," alisema. "Wewe unajua kuliko mimi."

Mwenye duka la dawa alikuwa na kikohozi. Alikihifadhi kwenye chupa ya dawa ya kifua, kifuniko kimekazwa, kwenye rafu ya juu mbali na jua. Alikuwa mwanamke msafi, mwenye sauti ya chini, na alimpa Mwalimu kiti na maji. Kikohozi kilikohoa mara mbili walipokuwa wamekaa. Kilikuwa kikohozi cha Baba hasa, kile cha kusafisha koo kabla ya kusema jambo ambalo halisemi.

Kinyozi alikuwa na sura. Mzee aliingia, akajitazama kwenye kioo cha kiti cha tatu, akamwamkia mzee aliyemwona humo, akatoka. Yule wa kwenye kioo akabaki. Wateja walinyolewa huku Mzee Saa akiwa amekaa pembeni yao ndani ya kioo, na hakuna aliyelalamika, isipokuwa mmoja aliyeomba asogezwe kidogo kwa sababu alikuwa anaziba taa.

Mbele ya duka la kinyozi barabara iligawanyika tatu. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni asubuhi ile. Aliona Baba ameshika ipi.

"Nitasema," alimwambia Mwalimu. "Wallahi nitasema. Jumatatu."

Kipande cha nne hakujua kiko kwa nani.

Akaomba ruhusa shuleni, akaanza kutembea. Barabara tatu, mchana na jioni, kila duka, kila kibaraza, kila mtaro. Jumatano mvua ilinyesha tangu asubuhi. Saa kumi alasiri alikuwa kwenye barabara ya kati, mbele ya ghala la vigae. Zamani ghala lile lilikuwa shule ya msingi, na yeye mwenyewe alisoma pale, kabla shule haijahamishwa. Alisimama getini akatazama ndani. Aliona vigae vimepangwa mpaka juu, na mlinzi kwenye kibanda chake, amekumbatia chupa ya chai.

"Habari za kazi, kaka. Hujamwona mzee, amevaa koti la kijivu?"

"Pole sana, Mwalimu," alisema mlinzi. Aliiangalia chupa yake, kisha akaangalia mvua. "Fuatilia Ukumbini."

Kila mtu alikuwa anamwambia hivyo. Alishukuru akaendelea na njia.

*

Alhamisi alipita kwa kinyozi kumsalimia baba yake, akamkuta ndani ya kioo amelowa. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye nywele mpaka shingoni, na koti la kijivu limekuwa jeusi mabegani. Kinyozi alijaribu kukausha kioo kwa taulo. Kilikuwa kikavu.

"Yuko nje," alisema Mwalimu.

"Yuko nje," alikubali kinyozi.

Hapo Mwalimu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake, akadanganya kwa hesabu. Alivuta kiti, akakaa, akasema kwa sauti ya darasani kwamba wale watatu wengine wameshampa vyao asubuhi hii. Kimebaki chake tu. Akisema sasa hivi ndiye wa mwisho, nusu ni yake.

Kinyozi akachukua simu mfukoni, akaifungua, akamgeuzia. Alifanya taratibu, asimwaibishe mbele ya wateja. Vipande vilivyoletwa, sifuri. Uwazi ule aliuweka Mwalimu mwenyewe, na alikuwa ameupigania.

"Mwalimu," alisema kinyozi, "mvumilivu hula mbivu. Nawe utampata. Siku nne si nyingi."

"Kwa nani si nyingi?"

Kinyozi aliitia simu mfukoni, akarudi kwa mteja wake. Alikuwa na mama aliyekuwa wa thelathini kwenye foleni ya mashine ya figo. Hilo Mwalimu alilijua, maana lilikuwa limeandikwa ukutani mwa zahanati pamoja na majina yote, na alimchukia kwa dakika nzima, kisha akashindwa kuendelea.

Ijumaa alikwenda ofisini kwa katibu wa Ukumbi, chumba kidogo chenye feni iliyofungwa kwa waya. Aliomba kanuni isimamishwe kwa swali moja. Katibu alikuwa kijana wa miaka arobaini aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, na alisimama alipoingia. Alitoa faili, akamwonyesha karatasi ya miaka mitano iliyopita. Chini kulikuwa na sahihi ya Mwalimu, imepigiwa mstari mara mbili, na juu ya sahihi alikuwa ameandika kwa mkono wake: Kanuni isibadilishwe swali likiwa wazi, hata kwa machozi ya nani.

"Uliniambia niisome kwa sauti mkutanini," alisema katibu. "Nikaisoma."

"Uliisoma vizuri."

"Ahsante, Mwalimu."

Hakuitaja ile methali ya mchimba kisima, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu. Alimsindikiza mpaka mlangoni akamfungulia.

Jumamosi Baba alikuwa ndani ya kioo na midomo myeupe. Alikuwa anatetemeka, na kioo nacho kilitetemeka kidogo ukutani, mpaka kinyozi akaweka kipande cha karatasi nyuma yake kukikaza. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha tatu tangu asubuhi. Alimwambia baba yake mambo ya kawaida, kwamba mtihani wa darasa la saba umesogezwa, kwamba bomba la jikoni limetengenezwa. Baba hakumtazama. Alikuwa anatazama juu ya bega lake, mahali fulani mbele, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

Jioni hiyo alikwenda kwa Mama Mkate. Hakuja na hesabu yoyote. Alisimama kati ya magunia akasema, "Mama, baba yangu anakufa kwa baridi," halafu akalia, kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, na mjukuu mwenye jicho la pamba akashuka kwenye gunia akamshika sketi.

Mama Mkate aliacha kukanda. Alimwangalia mjukuu. Kisha akachukua simu yake kwenye kopo la chachu, akabonyeza kwa kidole chenye unga, akaandika: *Kivuli. Alipita kwangu, akaelekea duka la dawa.* Aliiweka simu mezani kifudifudi.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema. "La kwangu limeshaumia."

Ubao ukaandika: Vipande, kimoja.

Kivuli kikaondoka kwenye magunia, kikatangulia. Mwalimu alikifuata mpaka mlango wa duka la dawa, na hapo kikasimama, maana hakikujua zaidi ya hapo. Na mpaka hapo Mwalimu alishapajua tangu Jumanne. Kipande chepesi kuliko vyote kilikuwa kimetolewa na mtu mwenye mzigo mzito kuliko wote. Mwenye duka la dawa alitoka nje, akasoma simu yake, na Mwalimu aliuona uso wake ukitulia. Washindani walikuwa wamepungua. Alimletea Mwalimu kiti, akamletea na kivuli kiti, akarudi ndani.

Jumapili saa nne asubuhi kinyozi alikuwa amefunika kioo cha kiti cha tatu kwa taulo. Mwalimu alilishika taulo kwa ncha, akalifunua. Baba alikuwa amefumba macho. Kichwa kilikuwa kimeegemea upande. Hakuwa anatetemeka tena.

"Amelala," alisema Mwalimu.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema kinyozi. "Amelala."

Alikuwa anakausha wembe, na aliukausha mpaka akajikata. Mwalimu alidhani sasa atasema. Kinyozi mwenyewe alidhani sasa atasema. Aliifungua simu, akaishika kwa mikono miwili, kisha akakumbuka kwamba siku tano zimeshapita, na kwamba mtu akivumilia siku tano akaacha ya mwisho, hata zile tano anakuwa amezitupa. Akairudisha mfukoni.

*

Jumatatu saa kumi na moja na nusu mtaa mzima ulikuwa kimya. Mama Mkate alizima tanuri mapema. Mwalimu alikaa nje ya duka la dawa, kivuli kando yake, simu juu ya mapaja.

Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili, mwenye duka la dawa akaandika. Kasoro dakika moja, kinyozi akaandika, *barabara ya kati,* akiamini amefunga mlango. Kasoro sekunde kumi, mtu wa nne, ambaye alikuwa na simu ya zamani na vidole vizito, na ambaye alianza kuandika ujumbe wake tangu saa tisa, akabonyeza Tuma. Simu zote mtaani zikalia pamoja ile sauti ya kengele ndogo. Vipande, vinne. Swali limejibiwa ndani ya muda.

Wakaenda wote. Kivuli kilitangulia. Mwenye duka la dawa alibeba chupa iliyokuwa haijakohoa tangu jana. Kinyozi alikuwa amekitoa kioo ukutani, amekifunga taulo, amekibeba mgongoni. Mama Mkate alikuja na mjukuu na mkate wa moto, kwa sababu hakujua cha kufanya na mikono. Mlinzi wa ghala la vigae aliwangoja getini, amevua kofia.

"Alikuja Jumanne," alisema. "Nikamwambia hapa hawaruhusiwi watu. Akaniambia neno moja, akaondoka akazunguka ukuta. Nilidhani amerudi kwenu. Neno lilibaki kwenye chupa ya chai."

Akakizungusha kifuniko, akafungua. Sauti ikatoka na mvuke, sauti nzima, ya Jumanne, isiyojua mvua wala baridi:

"Namsubiri binti yangu. Anatoka saa kumi."

Kivuli kiligeuka kuwaonyesha njia, lakini Mwalimu alikuwa ameshakipita. Alijua. Watoto wa shule ile hawakutokea mbele. Walitokea nyuma, kwenye geti dogo la chuma lililofungwa kwa matofali siku nyingi, na miaka sita mfululizo baba yake aliacha saa za watu mezani zikiwa wazi, akaja kusimama pale saa kumi kasorobo ili asichelewe. Jumatano Mwalimu alipokuwa amesimama mbele ya ghala, mvua ikinyesha, walikuwa wametenganishwa na ukuta na hatua kama arobaini. Hakulikumbuka lile geti. Yeye naye alikuwa na vitu alivyoviacha njiani.

Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe, mgongo kwenye ukuta wa ng'ambo ya uchochoro, uso kwenye matofali yaliyoziba geti. Ndara zilikuwa miguuni. Koti la kijivu lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, jambo ambalo hakuwa ameliweza peke yake kwa mwaka mzima. Mwalimu alivifungua. Ndani ya koti, kifuani, alikuwa ameukumbatia mwavuli mdogo mwekundu wa mtoto, wenye ubavu mmoja uliounganishwa kwa springi ya saa. Ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango wa stoo kwa miaka arobaini na mbili, na asubuhi ile Mwalimu aliangalia ndara, na viatu, na koti, hakuangalia nyuma ya mlango.

Mwavuli ulikuwa mkavu kabisa. Mzee hakuufungua. Haukuwa wake.

"Baba," alisema Mwalimu, "nimeshatoka."

Akakaa chini kwenye matope akaegemea bega lake. Wengine walirudi nyuma hatua chache, wakatazama vigae juu ya ukuta. Kivuli kilijaribu kulala mahali pake miguuni mwa mzee, hakikuingia, kikasimama kando. Daktari aliyekuja baadaye alisema ni Jumapili alfajiri. Aliyatamka hayo bila kujua alikuwa anawaambia akina nani, na kinyozi akakitua kioo chini akaenda kusimama mbali.

*

Mazishi yalikuwa Jumanne. Watu walikuja wengi na walihuzunika kweli.

Vipande vilibaki, kwa kuwa mwenyewe hakuvihitaji tena. Kivuli kilihamia nyumbani, kikawa kinasimama karibu na mlango wa mbele, chini ya misumari ya makoti. Kikohozi kilikaa rafuni, jikoni. Sura haikutoka kwenye kioo, na kinyozi alihitaji kioo, basi wakakubaliana Mwalimu awe anakuja Jumamosi kukaa kiti cha tatu, na kinyozi hakumtoza kitu wala hakumtazama usoni. Mlinzi alileta chupa ya chai mwenyewe, akalia mlangoni, akasema angejua mzee yuko nyuma ya ukuta angempa hata koti lake. Mwalimu alimwamini. Nusu ya nyota ilimwingia mlinzi siku ileile, na mke wake, aliyekuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akapanda foleni ya daktari wa macho kutoka mwisho mpaka wa tatu. Mjukuu wa Mama Mkate akawa wa sitini na mbili.

Mwalimu aliomba mkutano, akaja na kopo lilelile la maharage. Aliwaonyesha kosa, hatua kwa hatua, na hakuna ambaye hakuelewa. Wengi walitikisa kichwa. Kisha katibu akasoma taarifa: swali limejibiwa, vipande vyote vinne vimepatikana, muda haukuzidi. Tangu Ukumbi uanze hapakuwa na swali lililojibiwa kwa ukamilifu namna ile. Mtu mmoja nyuma akasema Mwalimu ana uchungu, na mwenye uchungu aachwe apumzike, asipewe kazi ya kanuni. Ilisemwa kwa huruma. Wakapiga kura, na kanuni ikabaki. Mama Mkate alimsaidia kuokota maharage.

Mwezi uliofuata, Jumatano baada ya vipindi vya asubuhi, Mwalimu alifungua kisanduku cha chaki akakuta ndani yake mluzi wa mwanamume. Aliutambua. Ulikuwa wa mume wa mshonaji wa ghorofa ya chini, ambaye alipita chini ya dirisha la darasa akipiga mluzi kila asubuhi akienda kazini, na ambaye tangu jana hakurudi. Swali lilikuwa Ukumbini tangu asubuhi. Walio nacho, wanne. Vipande, sifuri. Alibonyeza Ninacho, na papo hapo akaandika alichojua, saa aliyousikia mluzi jana na upande ulikoelekea. Halafu akatia kisanduku kwenye mkoba pamoja na chupa ya chai, ambayo siku hizi hakuiacha, akaenda kwa mshonaji kwa miguu bila kusubiri kengele ya kutoka.

Mshonaji alikuwa amekaa mbele ya cherehani, mguu juu ya pedali, hashoni. Mwalimu alifunua kisanduku. Mluzi ukapiga ule wimbo wake usio na mwisho, na mshonaji akauweka mkono mdomoni.

"Ni cha mwisho?" aliuliza.

"Hapana, dada. Ni cha kwanza."

Mshonaji aliinamisha uso. Alisema ahsante, kama mtu anavyomwambia ahsante aliyekuja kumpa pole. Simu iliyokuwa juu ya kitambaa iliandika: Walio nacho, watano. Vipande, kimoja. Mtaani kote, Mwalimu alijua, nyuso nne zilikuwa zimetulia kidogo.

Mshonaji alimsogezea kiti, na Mwalimu akakaa. Walikaa muda mrefu wakiutazama ubao. Ndani ya mkoba sauti ya mwanamume mzee ikasema kwa upole, "Namsubiri binti yangu. Anatoka saa kumi." Mshonaji hakuuliza ni nani. Aliinua macho kwenye saa ya ukutani, ikawa kweli ni saa kumi, na zilikuwa zimebaki siku sita.